Daftari la Isaka: Jinsi Kanzidata Inavyotunzwa na Kulindwa

Msafiri atokaye Tabora kwenda Mwanza kwa gari moshi hupita Isaka, katika Halmashauri ya Msalala, Mkoa wa Shinyanga. Reli ya zamani ilifika Mwanza mwaka 1928, na mwaka 2021 ulianza ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, yenye urefu wa kilomita 341. Lakini sifa ya Isaka haitokani na reli peke yake. Hapo ndipo reli inapokaribiana na barabara kuu iendayo Kahama, Rusumo hadi Kigali, na kwa sababu hiyo pamewekwa bandari kavu, yaani bandari isiyo na bahari. Makontena yaliyoshushwa melini Dar es Salaam, karibu kilomita 1000 kutoka hapo, hutolewa kwenye mabehewa na kupakiwa katika malori, nayo malori huyapeleka Rwanda na nchi nyingine jirani.

Kontena linapohama kutoka behewa kwenda lori, vitu viwili huhama pamoja: mzigo wenyewe na habari zake. Mzigo huinuliwa kwa kreni, na kila aliyepo huuona. Habari hazionekani. Ni za nani? Zimeshalipiwa ushuru? Lakiri yake ina namba gani, na lori gani limekabidhiwa? Habari hizo zikipotea, kontena limepotea ijapokuwa lipo pale pale uwanjani. Dereva atalala chini ya lori lake siku tatu, na hospitali iliyoagiza dawa itangoja.

Makala haya yanaeleza chombo kinachotunza habari za namna hiyo, kiitwacho kanzidata ya uhusiano, pamoja na kazi ya mtu aliyekabidhiwa kukitunza. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba bandari yetu ya mfano ni ya kufundishia tu. Hatuelezi mitambo ya ofisi yoyote iliyopo Isaka, bali kanuni ambazo hata shule yenye kompyuta moja ya kuhifadhia alama za wanafunzi haina budi kuzifuata.

Majedwali badala ya daftari moja

Tuseme karani anaandika kila kitu katika daftari moja: namba ya kontena, jina la mwenye mali, anwani yake, namba ya lori, jina la dereva. Mwenye mali akiwa na makontena 40, anwani yake itaandikwa mara 40. Akihama, karani atasahihisha mara 37 na kusahau mara tatu. Tangu hapo daftari linasema mambo mawili yanayopingana, na hakuna ajuaye lipi ni kweli.

Dawa ya ugonjwa huo ilielezwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa rubani wa kijeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha akawa mtafiti wa kampuni ya IBM huko San Jose, Marekani. Codd alitumia hisabati ya seti, ile ile inayofundishwa katika shule zetu. Alipendekeza habari zigawanywe katika majedwali, kila jedwali likihusu kitu cha aina moja tu: jedwali la makontena, la wenye mali, la malori. Kila mstari hupewa ufunguo, yaani alama isiyofanana na ya mstari mwingine wowote katika jedwali hilo. Anwani ya mwenye mali huandikwa mara moja tu. Jedwali la makontena hutaja ufunguo wake. Mwaka 1974 watafiti wenzake wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitangaza lugha ya kuulizia majedwali hayo, ambayo leo inaitwa SQL. Codd alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1981.

Kwetu, kompyuta ya kwanza ilikuwa imefungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lakini mwaka huo huo wa 1974, wakati lugha hiyo inazaliwa, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hayo yaliondoka baadaye, na mwaka 2014 Mamlaka ya Mapato ilianza kutumia mfumo wa forodha uitwao TANCIS. Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha, ambao huzifanya ofisi za nchi mbalimbali kutegemea habari zilizoandikwa na nyingine. Kosa la kompyuta katika nchi moja laweza kulisimamisha lori katika nchi ya pili.

Kanzidata inayokataa uongo

Wengi hudhani kwamba kompyuta hupokea lolote inaloambiwa. Kanzidata iliyotengenezwa vizuri haiko hivyo, kwani inaweza kuamriwa ikatae. Kwa mfano, inaweza kukataa kuandika kwamba kontena limepakiwa katika lori ambalo halimo katika jedwali la malori. Sharti hilo likiwekwa katika kanzidata yenyewe, hakuna programu wala karani atakayelikiuka kwa kupitiwa.

Mfano mzuri zaidi umechorwa ubavuni mwa kila kontena. Mwalimu anayeishi kandokando ya barabara anaweza kuwatoa wanafunzi nje wakautazame. Namba ya kontena ina herufi nne, tarakimu sita, kisha tarakimu moja ya mwisho iliyotengwa, mara nyingi ndani ya kisanduku. Tarakimu hiyo ni shahidi wa zile zilizotangulia.

Tuchukue namba CSQU 305438, ambayo hutumiwa mara nyingi kufundishia. Kila herufi hupewa thamani: A ni 10, B ni 12, C ni 13, na kuendelea hadi Z ambayo ni 38. Namba 11, 22 na 33 zimerukwa kwa sababu zinagawanyika kwa 11. Kwa hiyo C ni 13, S ni 30, Q ni 28 na U ni 32. Sasa tuzidishe thamani ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, na hivyo hivyo tukirudufu hadi ya kumi ambayo huzidishwa kwa 512. Herufi zinatupatia 13 + 60 + 112 + 256, yaani 441. Tarakimu zinatupatia 48 + 0 + 320 + 512 + 768 + 4096, yaani 5744. Jumla ni 6185. Tukigawanya kwa 11 tunapata 562 na baki ni 3. Tarakimu ya mwisho, basi, ni 3.

Tuseme karani, katika joto la mchana, anaandika 350438 badala ya 305438. Jumla sasa ni 6025, na baki ni 8. Kanzidata iliyofundishwa hesabu hii itakataa papo hapo, kabla kontena la mtu mmoja halijapakiwa kwa jina la mtu mwingine. Wanafunzi wa hisabati wanaweza kuthibitisha kwamba kubadilishana kwa tarakimu mbili zinazofuatana, zisizolingana, hubadili baki daima: badiliko la jumla ni tofauti ya tarakimu hizo ikizidishwa kwa kipeo cha 2, na zao hilo haliwezi kugawanyika kwa 11. Upungufu uliopo ni mmoja. Baki likiwa 10 huandikwa 0, na hapo 10 na 0 hazitofautiki, hivyo makosa machache hupenya.

Umeme ukikatika katikati

Tendo la kuhamisha kontena lina sehemu mbili: kuliondoa katika orodha ya behewa na kuliingiza katika orodha ya lori. Umeme ukikatika baada ya sehemu ya kwanza, kontena halipo popote. Mpango ukigeuzwa, lipo mahali pawili.

Kanzidata huzifunga sehemu hizo mbili ziwe muamala mmoja: ama zote zitendeke, ama isitendeke hata moja. Mtaalamu aliyetoa mchango mkubwa katika jambo hili, Jim Gray, alipata Tuzo ya Turing mwaka 1998. Njia yenyewe haina miujiza. Kabla ya kugusa jedwali, seva huandika katika daftari la matukio, ndani ya diski, kile inachokusudia kufanya. Umeme unaporudi, seva husoma daftari hilo. Inayakamilisha yaliyokwisha kuthibitishwa na kuyafuta yaliyoachwa njiani.

Hapa mtunza kanzidata ana jaribu la kuliepuka. Seva nyingi zina swichi inayoziruhusu zisisubiri diski ithibitishe kwamba imeandika kweli. Kazi huenda mbio, watu husifu, mpaka siku umeme unapokatika. Kwa maoni yangu, katika sehemu ambazo umeme hukatika bila taarifa, swichi hiyo isiguswe kamwe, na fedha ambayo ingenunua kompyuta ya haraka zaidi inunue kwanza betri ya akiba ya kuiwezesha seva kuzimika kwa utaratibu.

Akaunti moja, watu watano

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuitwa katika ghala moja la mazao, ambalo halitatajwa hapa. Magunia 60 yalikuwa yameonekana katika kanzidata kwamba yametolewa saa 3 usiku, lakini mteja wa kuyapokea hakuwepo. Kijana mmoja aliyekuwa na ufunguo wa mlango siku ile alikuwa amesimamishwa kazi. Niliombwa nitafute katika daftari la matukio ni nani aliyeandika. Nililipata jibu kwa dakika tano: aliyeandika ni akaunti iitwayo “ghala”. Akaunti hiyo ilitumiwa na watu watano, na neno lake la siri lilikuwa limebandikwa ukutani pembeni ya kalenda. Zaidi ya hapo sikuwa na la kusema. Yule kijana alifukuzwa. Huenda aliiba na huenda alionewa. Kompyuta haikuweza kumshtaki wala kumtetea.

Tangu siku hiyo sikubali kufunga kanzidata yoyote ambamo watu wawili wanatumia akaunti moja. Kila mtu awe na jina lake, na kila jina liwe na ruhusa zinazotosha kazi yake tu. Lugha ya SQL ina amri mbili za jambo hili: GRANT hutoa ruhusa na REVOKE huiondoa. Kwa mfano:

GRANT SELECT, INSERT ON mapokezi TO karani;

Maana yake ni kwamba wenye cheo cha karani wanaweza kusoma jedwali la mapokezi na kuongeza mistari mipya. Hawakupewa ruhusa ya kufuta wala ya kubadili yaliyokwisha kuandikwa. Kosa likitokea, huandikwa mstari wa pili wa kusahihisha, kama mhasibu mwaminifu asiyefuta kwa raba. Mtu akihama kazi, akaunti yake ifungwe siku ile ile.

Kanzidata nyingi pia huja na akaunti ya mkuu, yenye uwezo wote, ambayo jina lake linajulikana dunia nzima: root, postgres, sa. Programu ya kila siku isiingie kwa akaunti hiyo hata kidogo. Aidha, maneno ya siri ya watumiaji yasihifadhiwe jedwalini kama yalivyo, bali yapitishwe kwanza katika hesabu ya njia moja, isiyoweza kurudishwa nyuma. Hapo mwizi atakayeiba jedwali hataweza kuyasoma maneno yenyewe, na itambidi abahatishe moja moja.

Jibu linalogeuka kuwa amri

Tokea mwaka 1998 pamejulikana hadharani hila moja ambayo hata leo ingali ikifanikiwa. Tuseme programu inamwuliza mteja namba ya kontena, kisha inaichomeka katika amri hivi:

SELECT * FROM makontena WHERE namba = '...';

Mteja mwema ataandika namba. Mteja mjanja ataandika x' OR '1'='1. Tazama kinachotokea: alama ya kufungia maneno imefungwa mapema, na kilichobaki kimekuwa sehemu ya amri. Sasa seva inaombwa mistari yote ambayo ama namba yake ni x, ama 1 ni sawa na 1. Kwa kuwa 1 ni sawa na 1 daima, mjanja ataoneshwa makontena ya watu wote.

Seva haikukosea, imetii amri iliyopewa. Kosa ni la mwandishi wa programu aliyechanganya amri na jibu. Kinga yake ni kuipelekea seva amri kwanza, ikiwa na nafasi tupu, na baadaye kupeleka jibu peke yake ili lijazwe katika nafasi hiyo. Hapo lolote atakaloandika mteja litachukuliwa kuwa namba tu, na hakuna kontena lenye namba ya ajabu kama ile. Wanaojaribu kujikinga kwa kuorodhesha alama mbaya na kuzifuta moja moja hujichosha bure, kwani daima ipo iliyosahauliwa.

Mlango na kiraka

Seva ya kanzidata husikiliza katika mlango wenye namba: MySQL hutumia 3306, PostgreSQL 5432. Hakuna sababu ya mlango huo kuwa wazi kwa dunia nzima. Uwe wazi kwa kompyuta chache zinazojulikana, na mazungumzo yao yasimbwe ili anayesikiliza njiani asiambulie kitu.

Kilichotokea tarehe 25 Januari 2003 ni somo la kutosha. Programu haribifu iliyopewa jina Slammer, yenye baiti 376 tu, ndogo kuliko ukurasa huu, ilishambulia kanzidata za Microsoft SQL Server zilizokuwa wazi katika intaneti. Mwanzoni idadi ya seva zilizoambukizwa iliongezeka maradufu kila sekunde 8.5, na katika muda wa dakika 10 zaidi ya asilimia 90 ya seva zilizokuwa na udhaifu huo zilikwisha kupatwa, zikiwa angalau 75,000. Mashine za kutolea fedha za benki moja kubwa ya Marekani zilisimama. Kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa Julai 2002, miezi sita kabla. Watunzaji walijua, au waliweza kujua, lakini hawakukifunga.

Nakala ambayo haijajaribiwa

Tufike sasa kwenye jambo ambalo mwandishi huliona kubwa kuliko yote. Diski itaharibika. Swali ni siku gani. Mwaka wa kiangazi kirefu vumbi la Isaka huingia kila mahali, na feni ya kompyuta hulivuta ndani kama mapafu.

Kwa hiyo nakala za akiba hufanywa. Kanuni ya zamani yataka nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine kabisa: kama seva ipo Isaka, nakala moja iwe Kahama au mbali zaidi. Nakala iliyo katika droo ya meza ile ile iliyobeba kompyuta itaungua pamoja nayo, au itaibwa pamoja nayo. Baadhi ya ofisi huwa na seva ya pili inayofuata ya kwanza papo kwa papo, nao husema hiyo ndiyo akiba yao. Sivyo. Karani akifuta jedwali kwa makosa katika seva ya kwanza, ya pili nayo italifuta bila kuchelewa.

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 mhandisi mmoja wa kampuni ya GitLab, aliyekuwa amefanya kazi saa nyingi, alikusudia kufuta saraka katika seva ya pili. Aliifuta ya kwanza. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili na kuisimamisha amri, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5 tu. Kampuni hiyo ilikuwa na njia tano za kujiwekea akiba. Moja ilikuwa ikishindwa kimya kimya kwa kuwa programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na seva, na barua za kutoa tahadhari zilikuwa zikikataliwa njiani, hivyo hazikumfikia mtu. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi yule yule alikuwa ameifanya kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine. Habari za hizo saa sita zilipotea moja kwa moja. Kampuni ilieleza kila kitu hadharani, jambo ambalo wachache hulithubutu.

Kazi ya mtunza kanzidata, basi, haishii katika kufanya nakala. Kila mwezi achukue nakala moja, airudishe katika kompyuta nyingine tupu, ahesabu mistari, na apime kwa saa urudishaji umechukua muda gani. Muda huo ndio malori yatakaongoja siku ya balaa.

Walimu watunzao alama, namba za simu za wazazi na habari za afya za wanafunzi wasidhani mambo haya ni ya bandari tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawahusu watu na taasisi zinazokusanya taarifa za aina hiyo.

Zoezi kwa darasa

Gaweni daftari tatu: la kwanza liwe jedwali la makontena, la pili la malori, la tatu daftari la matukio. Wanafunzi wawili wawe makarani, mmoja awe umeme. Makarani wahamishe makontena 10 kutoka behewa kwenda malori, wakiandika kwanza katika daftari la matukio, kisha katika majedwali. “Umeme” apige makofi wakati wowote apendao, na kalamu zote ziwekwe chini papo hapo, hata katikati ya neno. Kisha waingie makarani wapya, ambao hawakuona kilichotendeka, wajaribu kusema kila kontena liko wapi kwa kusoma daftari peke yake. Rudieni mchezo bila daftari la matukio, mkahesabu makontena yaliyopotea.

Wanaopenda hisabati watafute tarakimu ya mwisho ya namba CSQU 305483. Jumla ni 4905.